Fingo la Njia ya Tatu

Wiki nzima nimesimamishwa njiani. Bwana mmoja kanikamata mkono sokoni Konde, samaki wake changu anamchuruzikia maji kiunoni, ananiuliza: "Jaribu kapona?" Mimi si daktari, jamani. Mimi nasimulia, na hadithi ina mwendo wake. Asiyeweza kungoja na apande gari aende Kiuyu akaulize mwenyewe.

Na kwa yule aliyekutana na gazeti hili kwa sababu kafungiwa maandazi, nitamwambia yaliyopita kwa ufupi, halafu asinisumbue tena.

Konde kulikuwa na klabu ya vijana wa mbio, na klabu ilikuwa na walimu wawili. Maalim Silima alifundisha pumzi na mwendo. Maalim Marhoun, ambaye babu yake alikuwa na mashamba ya mikarafuu mpaka unachoka kuyazunguka, alishika filimbi, saa na kamba ya kupimia njia. Walisoma chuo kimoja, wakachapwa bakora moja, na mpaka wanaota mvi walikuwa hawajawahi kununiana.

Kila mwaka Wete waliwashinda, na aliyewashinda ni kijana mmoja, Abrahman, ambaye wakimbiaji wenziwe walimjua kwa kisogo tu. Silima akachoka. Akaenda Gando kwa fundi wa uganga, kwa siri, akarudi na fingo: kichupa kilichozibwa kwa nta, ndani mna mchanga wa unyayo wa Abrahman, aliouokota mwenyewe kiwanjani Wete. Akakizika katika njia ya tatu, Abrahman akipita juu yake miguu imfungike.

Kwa nini ya tatu? Kwa sababu kiwanja cha Konde kina mawe, na njia iliyo laini mwanzo hadi mwisho ni hiyo tu, na mgeni siku zote hupewa hiyo. Ndiyo adabu yetu. Silima aliitegemea adabu yetu kama mtu anavyotegemea kuwa kesho jua litatoka.

Siku ya mashindano Abrahman akaonyeshwa njia ya tatu, akakataa. Kisa, Jaribu wa Konde kafiwa na babu yake aliyemlea, na arubaini haijatimia. Si vizuri, alisema, yeye apewe pazuri na mfiwa apewe mawe. Jaribu naye akakataa. Huyu wewe, yule hapana wewe, mpaka Maalim Marhoun, asiyejua lolote, akakata shauri. "Jaribu, mgeni akikupa usimrudishie. Pita."

Silima akauma ulimi. Angesema nini mbele za watu?

Jaribu akashinda. Akabebwa mabegani kiwanja kizima, na siku ile ile akachaguliwa kwenda Unguja kukimbia kwa jina la Pemba. Magharibi alipotaka kuinuka akatawadhe, miguu ikakataa. Daktari wa Wete kaigonga, kaichoma sindano, kasema haoni kitu.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa tuendelee.

*

Walimu wawili walikwenda Kiuyu, kwao Jaribu, kumtazama mgonjwa. Marhoun alichukua mafuta ya nyonyo. Silima hakuchukua kitu.

Jaribu alikuwa kitandani ukumbini, kakonda, macho yamekuwa makubwa. Marhoun akakaa chini akaanza kumkanda miguu. Ilikuwa baridi. Nje jua linachoma, na miguu ya mtoto imepoa.

"Maalim Silima," alisema Jaribu, "Unguja twenda lini?"

"Ukipona."

"Nikifumba macho nakimbia. Niko njia ile ile. Utepe nauona, lakini siufikii." Akamgeuzia Silima uso. "Na nyuma yangu yupo mtu. Namsikia anavyohema. Nadhani ni wewe, Maalim. Pumzi ni yako."

Silima alihisi nywele za mikono zinamsimama. Maana yeye naye, tangu jioni ile, alikuwa anasikia kitu. Tutafika huko.

Bi Mwanapili, mama yake Jaribu, akatokea mlangoni. Alipomwona Marhoun kashika miguu ya mwanawe alisimama.

"Toa nkono wako."

"Bi Mwanapili, haya ni mafuta tu."

"Toa nkono, Maalim Marhoun. Nnakuuliza mbele ya ntoto wangu: nani aliyemtia njia ile? Mwenyewe alikuwa hataki. Silima hakusema kitu. Ni weye. Watu wote wamekusikia. 'Pita,' umemwambia. Haya, kapita. Leo hapiti hata kwenda uani."

Ujue mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Siasa imewaka, watu waliokula sahani moja wanasusiana mpaka maziko. Neno la ubaya halikuhitaji kusukumwa, lilikuwa linatafuta tu pa kuangukia. Kiuyu yote ilikwisha kusema kuwa Marhoun na watu wake hawakupenda mtoto wa mkulima aende Unguja.

Marhoun alimgeukia Silima. Alingoja. Neno moja tu lingetosha, hata kikohozi.

Silima alikuwa anatazama mkeka.

"Toka," alisema Bi Mwanapili. "Na mafuta yako toka nayo."

Walipofika penye njia panda ya Konde, Marhoun alisimama.

"Silima," alisema Marhoun, "unaamini mimi nimemroga yule mtoto?"

"Siamini."

"Basi ungesema."

"Ningesema nini?"

"Ungesema si yeye. Sisi tumejuana tangu tunashika vijiti vya kusomea Alif. Leo nimefukuzwa kama paka aliyeiba, nawe unahesabu ukili wa mkeka."

Akakamata njia yake. Hakuaga. Mtu huyu hajawahi kuondoka mahali bila kuaga tangu azaliwe.

Silima akabaki peke yake barabarani, mchana kweupe. Akaanza kutembea, na yakaanza.

Nyayo. Nyayo za mtu anayekimbia peku nyuma yake. Si mkimbiaji mzima: mguu mmoja unapiga, wa pili unaburuta. Akisimama, zinasimama. Akigeuka, hapana mtu. Alizisikia darasani akiandika ubaoni. Alizisikia kisimani. Msikitini zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kule hazikukimbia. Zilisimama safu moja naye, na pumzi ikawa inamjia sikio la kushoto. Akitoa salamu kushoto, anamwona mzee wa kawaida anavuta tasbihi.

Nisiwafiche, Silima aliogopa. Aliogopa hofu ile ambayo mtu anakula na hajui anakula nini. Lakini aliogopa zaidi watu kujua. Na hapo ndipo mimi humkasirikia, maana alimpenda Jaribu kama mwanawe wa kumzaa, na bado akapima: miguu ya mtoto huku, jina langu huku. Akapima siku nyingi mno.

*

Mwisho akaenda Gando.

Fundi wake, Bi Siti, alikuwa barazani anachambua karafuu, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Msije mkamdhania ajuza wa kutisha. Mwanamke mnene, mchangamfu, kajifunga kanga mpya.

"Shikamoo, Bi Siti."

"Marahaba. Ushashinda?"

"Tumeshinda."

"Basi mbona una uso wa maziko?"

"Aliyepita juu ya kitu chako si yule. Ni wangu."

Vidole vya Bi Siti vikasimama. "Wako kapitaje? Hukunambia kuwa njia ile hupewa mgeni?"

"Mgeni kampa yeye. Kwa adabu."

"Adabu," alisema Bi Siti, akatikisa kichwa.

"Kitoe, Bi Siti. Nakuomba. Ukitaka mbuzi nitaleta. Ukitaka niyahame mashindano, nitayahama."

"Miye sikukizika. Nkono uliokitia ndio unaokitoa. Mchana, watu wanaona. Useme kwa kinywa chako ulilolifanya. Ukizibue, umtaje jina uliyemkusudia, umwage ule mchanga wake. Hapo yule wako ataachiwa."

"Mbele za watu?"

"Hukusikia?"

"Mimi ni mwalimu, Bi Siti. Watoto wa watu wananiamini."

"Basi waache wakuamini. Lakini mwezi ukiandama nacho kimo ardhini, miguu ile si yake tena. Usije hapa kunlilia."

Silima aliinuka kwenda zake. Halafu akauliza: "Na nikishamwaga, yamekwisha?"

"Yule wako ataachiwa," alisema Bi Siti tena, akarudi kwenye karafuu zake. Hakumtazama usoni.

Silima angalimuuliza zaidi. Lakini neno alilotaka kulisikia keshalisikia, na gari ya kurudi haimngoji mtu.

*

Mnadhani alikwenda moja kwa moja kukiri? Hamumjui Silima. Mtu mwenye aibu hutafuta upenyo mpaka pasipo na ukuta.

Siku ya pili yake, adhuhuri, watu wameingia msikitini, Silima kaingia kiwanjani na jembe. Alijiambia: mchana ni mchana. Hao watu wa kuona, Mungu anajua, labda atapita mmoja.

Akasimama pale penye kuanzia mbio, akachanganyikiwa. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha. Chokaa yote imeoshwa. Kiwanja ni nyasi na udongo mwekundu, na njia ya tatu haipo.

Akachimba alipodhani. Jiwe. Akachimba pembeni. Jiwe. Akapiga hatua, akarudi, akachimba tena. Jasho likamwingia machoni. Na zile nyayo zikaja, safari hii hazikumfuata, zilimzunguka. Zinakwenda mzunguko wa kiwanja, zinapiga na kuburuta, zinapiga na kuburuta, na kila zikimfikia zinamkaribia zaidi.

"Jaribu, basi," alisema Silima kwa sauti. "Basi, mwanangu."

"Unasema na nani?"

Alikuwa Marhoun, katoka msikitini, filimbi shingoni na bunda la kamba begani. Kaja kupima njia, maana mazoezi ni alasiri, na watoto hawana kosa hata kama walimu hawasemezani.

Aliyatazama mashimo. Akamtazama Silima, matope mpaka magotini.

"Umepoteza nini?"

Silima alifungua mdomo kusema uongo, na uongo ulikuwa tayari. Angesema ufunguo. Lakini zile nyayo zilikuja zikasimama baina yao wawili, karibu kabisa, na pumzi ikamgusa usoni, na Silima akaangua kilio. Mtu mzima, katikati ya kiwanja.

Akayasema yote. Unyayo wa Abrahman, Gando, kichupa, njia ya tatu. Marhoun alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Marhoun alivua filimbi shingoni akaitia mfukoni.

"Siku ile ukaniacha niseme 'pita'."

"Ndiyo."

"Na Kiuyu ukaniacha nitukanwe."

"Ndiyo, Marhoun."

"Mke wangu hauziwi samaki. Unalijua hilo? Wanangu wameitwa watoto wa mchawi, na mchawi ananunuliwa kahawa barazani." Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. "Bila mimi, mahali ulipokizika hupajui, si ndiyo? Kamba ni yangu, jiwe la kupimia nalijua mimi."

"Nipimie. Nitakitoa sasa hivi, kabla watu hawajatoka."

"Hutakitoa sasa hivi," alisema Marhoun. "Utakitoa Ijumaa baada ya sala, mama yake akiwepo, na mtoto akiwepo. Mimi mwenyewe nitawapelekea gari. Mwezi haujaandama bado. Ukikimbia, Silima, nitakufuata, na mimi utaniona."

*

Ijumaa hakuna aliyekwenda kula. Habari ya kuwa kuna neno kiwanjani ilitoka msikitini kabla ya imamu.

Marhoun alivuta kamba kutoka jiwe lake, akafika, akakanyaga chini kwa kisigino. "Hapa." Akasogea kando.

Gari kutoka Kiuyu ikafika. Bi Mwanapili aliteremka, buibui limejaa vumbi, na vijana wakakiteremsha kitanda, Jaribu juu yake. Walikuwa watatu, na kitanda kina miguu minne. Mtu akatoka katikati ya watu akaushika ule wa nne.

Silima alipomwona akili ilimruka. Alikuwa Abrahman.

Hakuna aliyemwita. Kaja na gari ya Wete, na kikapu cha machungwa, kumtazama aliyemshinda. Alikwenda kuuliza njia ya Kiuyu, akaambiwa mgonjwa analetwa hapa. Akakibeba kitanda mpaka kando ya njia ya tatu, akakiweka chini taratibu, akampangusa Jaribu jasho.

Silima akamwendea mbio. "Abrahman, rudi nyumbani."

"Nimekuja kwa Jaribu, Maalim."

"Najua. Rudi. Utakuja siku nyengine."

"Nimekukosea, Maalim?"

Silima hakujua mwenyewe kwa nini anamfukuza. Labda ni haya tu ya kumtaja mtu mbele ya uso wake. Ndivyo alivyojiambia.

"Chimba," alisema Marhoun.

Silima akapiga magoti. Hakutumia jembe. Alichimba kwa mikono, na kucha zake zikasikika zikikwaruza udongo. Kichupa kilikuwa hapo hapo chini ya kisigino cha Marhoun. Akakitoa, akakinyanyua, watu wakarudi nyuma hatua nzima.

"Mimi Silima," alisema, na sauti ikakatika, akaanza upya. "Mimi ndiye niliyekizika hiki. Maalim Marhoun hakujua. Wete hawakujua. Nilitaka kushinda. Jaribu kapita juu yake, nami nikamtazama akipita."

Bi Mwanapili hakupiga kelele. Alikuja mpaka mbele yake akasimama.

"Siku ya kwanza nlikuletea ntoto huyu, nlimshika nkono nkautia nkononi mwako," alisema. "Nkakwambia hana baba. Ukasema, anaye." Akamgeukia Marhoun, akajifunika uso kwa buibui.

"Malizia," Marhoun alimwambia Silima. Naye alikuwa analia.

Silima akaizibua nta kwa meno.

"Niliyemkusudia ni Abrahman, wa Wete." Hakuinua macho. Akakipindua kichupa. Mchanga ukamwagika, kiganja kimoja tu, mkavu, kama uliochotwa leo asubuhi.

Watu wakaukodolea macho ule mchanga.

"Mama," alisema Jaribu. "Baridi imetoka."

Dole gumba la mguu likacheza, kila mtu kaliona. Goti likakunjika. Jaribu akakaa kitako, akaweka mguu chini, akaweka wa pili, akashika bega la mama yake, akasimama. Alisimama akiyumba kama mtoto wa mwaka, halafu hakuyumba tena. Akapiga hatua katika ile njia ya tatu. Akapiga nyengine. Bi Mwanapili alianguka kusujudu pale pale kwenye matope. Takbira ikapanda, watu wakamfuata Jaribu mbio, wazee, watoto, Marhoun kaikumbuka filimbi yake anaipuliza bila mpango. Walikwenda naye mpaka mwisho wa kiwanja.

Silima alibaki amepiga magoti. Alisikiliza. Nyuma yake, kushoto kwake, kote, hapana nyayo. Hapana pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alisikia upepo kama upepo, akamshukuru Mungu kwa sauti, akapangusa macho kwa mikono yenye udongo.

Alipoyafungua alimwona Abrahman. Wengine wote walikuwa kule na Jaribu. Abrahman alikuwa amekaa chini kando ya kitanda kitupu, machungwa yamemwagika pembeni, anatabasamu kwa mbali kumtazama mwenziwe anavyotembea.

"Mbona umekaa?" aliuliza Silima.

"Nimechoka kidogo, Maalim. Nadhani ni gari."

"Simama."

"Nitasimama. Hongera kwa Jaribu."

"Simama sasa, mwanangu. Njoo hapa kwangu."

"Nakuja, Maalim," alisema Abrahman. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, anayasugua, kama mtu aliyeingiwa na baridi, na jua la Ijumaa lilikuwa linawaka utosini.

"Nakuja," alisema tena, lakini hakuja.